Chambo Ni cha Nani?

Waingereza wana methali isemayo kwamba yafaa kumtupa dagaa ili kumnasa kibua. Dagaa wa methali hiyo ni samaki mdogo wa rangi ya fedha aishiye katika bahari za kaskazini, aliyeuzwa kwa bei rahisi katika miji ya Uingereza na kuliwa na maskini. Kibua wake ni samaki mkubwa zaidi, wa ukoo mmoja na vibua na jodari wa Bahari ya Hindi, mwenye nyama na mwenye bei. Maana ya methali ni nyepesi kushikwa hata na mtoto: atakaye kikubwa na akubali kupoteza kidogo. Wafanyabiashara huitumia wakitoa zawadi ndogo ili wapate mnunuzi mkubwa. Wanasiasa huitumia wakiacha shauri dogo ili washinde shauri kubwa. Na walimu huitumia darasani kama fundisho jema la kujinyima.

Methali hii imeonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu mwanzo wa karne ya 19, wala haikuwa na sura moja. Pengine anayenaswa ni kibua, pengine ni heringi, na pengine ni nyangumi. Chambo hakibadiliki, kinachobadilika ni ukubwa wa tamaa. Wafaransa nao, watu wa mashamba kuliko wa nyavu, husema juu ya kutoa yai ili kupata ng'ombe dume. Kwa hiyo wazo lenyewe si la taifa moja. Ni hesabu ya soko iliyovikwa nguo ya hekima, na hesabu ya soko haina ubaya maadamu mizani ni sawa na mali ni ya mwenyewe.

Lakini methali huja na masharti yake yasiyosemwa, kama vile ngalawa iendavyo na matengo yake. Masharti ya methali hii ni matatu. La kwanza, dagaa awe mali ya yule amtupaye. La pili, udogo wa dagaa uwe umepimwa na mtu ajuaye thamani yake. La tatu, mshipi uwe mkononi mwa aliyetoa chambo, ili kibua akinaswa aje chomboni mwake, si chomboni mwa mwingine. Likikosekana moja, methali huwa kilema. Yakikosekana yote matatu, haiwi methali tena bali ni udhuru wa mwizi.

Hapa ndipo wafasiri wengi wanapokosea. Katika vyumba vya madarasa imekuwa desturi kuyaweka pamoja maneno haya ya Kiingereza na methali za Kiswahili kama ile ya mtaka cha mvunguni, ambaye sharti ainame, au ile ya mchumia juani, ambaye hulia kivulini. Yasemekana kwamba zote ni methali za kujitoa. Si kweli. Mtaka cha mvunguni huuinamisha mgongo wake mwenyewe. Mchumia juani huunguzwa ngozi yake mwenyewe. Hakuna mtu wa pili anayeumia katika methali hizo. Katika methali ya Kiingereza, kinyume chake, yupo kiumbe anayetupwa majini akiwa hai au mfu, naye hakuulizwa. Lugha ya Kiswahili imeweka tofauti hii ndani ya kitenzi chenyewe: kutoa ni jambo moja na kujitoa ni jambo jingine. Silabi moja ndogo hutenga ushujaa na ukatili.

Tena Kiswahili kina maneno mengine mawili ambayo wafasiri wa haraka huyachanganya. Sadaka ni kitu cha halali kitokacho mkononi mwa mwenyewe kwenda kwa mhitaji, na mtoaji hangoji kibua. Kafara ni mzigo wa balaa la watu utwikwao mnyama asiye na hatia. Chambo si sadaka, kwa sababu kina ndoano ndani yake. Na chambo kilichochukuliwa katika mtungi wa jirani kinakaribia sana kuwa kafara.

Mfano wa jambo hili hauhitaji kutafutwa mbali. Upo Mwanza, katika maji ya ziwa lenye eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, ambalo nusu yake iko Tanzania. Huko methali ya dagaa na kibua haikusemwa tu. Ilitendwa, tena kwa samaki wenyewe.

Kabla ya katikati ya karne ya 20 ziwa hilo lilikuwa na samaki wadogo waitwao furu, wa aina zaidi ya 500, wengi wao wasiopatikana mahali pengine duniani. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine wadudu wa topeni, wengine mayai na watoto wa samaki wenzao. Na kila aina ilikuwa na umbo la taya lililofaa kazi yake. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba furu walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wote wa samaki wa chini ya ziwa. Kwa watu wa pwani hiyo, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara na Wajaluo, furu alikuwa kitoweo cha kila siku. Mtoto alimvua kwa ndoana na kamba. Mwanamke alimkausha juani juu ya jabali, bila kuni na bila chumvi nyingi, akampeleka sokoni kubadilishana na nafaka.

Walakini katika ofisi za serikali za kikoloni furu alipewa jina jingine. Aliitwa samaki wa takataka: mdogo mno, mwenye miiba mno, wa bei ya chini mno. Ikaonekana busara kumtia ziwani samaki mkubwa alaye wadogo, ili takataka igeuzwe kuwa nyama ya mezani na kuwa mchezo wa wapendao kuvua kwa fimbo. Samaki huyo ni sangara, awezaye kufikia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200. Sangara alitolewa Ziwa Albert akatiwa katika maji ya Ziwa Victoria huko Jinja mwaka 1954, kimyakimya, ilhali ubishi wa wataalamu haujaisha. Mwaka 1960 alivuliwa hapo Jinja, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa kwa idhini rasmi.

Isisemwe kwamba hapakuwa na aliyeonya. Mwaka huohuo wa 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alichapisha hoja zake katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Alikumbusha kwamba mnyama alaye nyama hutumia chakula kingi kupata mwili kidogo, kwa hiyo kumweka mlaji mkubwa juu ya wadogo si kuongeza chakula bali ni kukipunguza. Na kwamba sangara hatachagua takataka tu akaacha samaki wa thamani. Hoja hizo zilijibiwa, na waliotaka sangara walishinda. Walishinda kwa sababu hesabu yao ilikuwa rahisi kueleweka: dagaa kwa kibua, furu kwa sangara.

Kwa miaka 20 hivi sangara alikaa kama mgeni mpole. Kisha, katika miaka ya 1980, akalijaza ziwa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 kuwatambua furu, walijikuta wakiandika taarifa ya msiba badala ya orodha ya viumbe. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, alikieleza kisa hicho katika kitabu kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka au zilipungua hata zisionekane nyavuni. Nyingine zilipotea kabla hazijapewa jina la kitaalamu. Baadhi zimeonekana tena tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana. Lakini ziwa la leo si lile la zamani.

Sasa na yatazamwe masharti matatu.

Sharti la kwanza: je, furu alikuwa mali ya waliomtupa? Hakuwa. Waliokata shauri walikuwa maofisa wa serikali isiyochaguliwa na watu wa pwani, na wengi wao walirudi makwao kabla furu hawajaanza kutoweka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; na furu wa Igombe, Kayenze na Ukara walikuwa wepesi kama usufi mabegani mwa mtu ambaye hakupata kulala na njaa kwa kuwakosa.

Sharti la pili: je, udogo wa furu ulipimwa na ajuaye thamani yake? Haukupimwa. Ulipimwa kwa mizani ya soko, na furu hakuwa samaki wa soko kubwa. Alikuwa samaki wa chungu. Samaki aliyeliwa nyumbani hana risiti, wala aliyebadilishwa kwa mtama hana ushuru, wala aliyevuliwa na mtoto hana takwimu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuwa furu hakuandikwa, alipotoweka ilionekana kana kwamba hakuna kilichotoweka. Fauka ya hayo, sangara ana mafuta mengi, haanikwi juani kama furu. Hana budi kubanikwa kwa moshi au kukaangwa. Kila sangara aliyebanikwa alidai kuni, na kuni zilidai miti ya visiwa na vilima. Gharama hiyo nayo haikutiwa katika bei ya chambo.

Sharti la tatu: je, mshipi ulikuwa mkononi mwa mwenye chambo? Hapa wapinzani wa hoja hii hupaza sauti, na yafaa wasikilizwe kwa haki. Husema kwamba sangara aliuinua Mwanza. Na ni kweli kwamba uvuvi uliongezeka mara nyingi kuliko ilivyokuwa kabla yake. Kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1990 vilijengwa viwanda vya minofu vilivyoajiri maelfu ya watu. Kwamba fedha za kigeni ziliingia, na vijana waliokuwa na jembe tu walinunua mitumbwi na mashine. Asemaye kwamba sangara hakuleta kitu hajafika Mwanza.

Lakini swali la methali si kama kibua alinaswa. Swali ni kama aliyetoa dagaa ndiye aliyemla kibua. Minofu ilisafirishwa Ulaya kwa ndege na kwa meli. Kilichobaki kwa watu wengi wa pwani ni mapanki, yaani mifupa na vichwa baada ya minofu kutolewa, vilivyokaangwa na kuuzwa kwa wasioweza kununua samaki mzima. Neno lenyewe lilizaliwa na hali hiyo, kwa maana wakati wa furu haikuwapo haja ya kuuita mfupa kitoweo. Mwaka 2004 mtengenezaji wa filamu Hubert Sauper alitoa filamu juu ya mambo ya sangara na Mwanza, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Ubishi ule ulikuwa mkali, lakini ulihusu zaidi ndege na silaha na sifa ya taifa. Wachache waliuliza juu ya furu.

Kwamba mshipi ulikuwa katika mkono wa mbali kulionekana wazi mwaka 1998, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Mlango ulifungwa Brussels, na njaa ikabisha hodi Sengerema. Mvuvi alikuwa na samaki chomboni na hakuwa na mnunuzi. Mtu mwenye mshipi wake mkononi hawezi kunyang'anywa samaki wake kwa barua. Na miaka ilivyopita sangara wenyewe walipungua kwa wingi na kwa ukubwa, viwanda kadhaa vikafungwa, na vingine vikafanya kazi chini ya uwezo wake. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Na katika ziwa hili mbacha ulitupwa, na msala ukapita.

Wapo wanaosema pia kwamba furu wangetoweka hata bila sangara, kwa sababu ya merikebu za kukokota nyavu, na kwa sababu ya udongo na uchafu utiririkao ziwani ukayatia giza maji na kuyanyima hewa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala haifai kufichwa. Katika Ghuba ya Mwanza furu walikwisha kupunguzwa na nyavu za kukokota tangu miaka ya 1970, na mwaka 1976 kilianza kazi kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo. Lakini mtu aitumiaye hoja hii kumtetea sangara hajaitazama vizuri. Kiwanda kile kilikuwa methali ileile kwa mara ya pili: furu mdogo atupwe, apatikane kuku mnono. Maradhi mawili ya asili moja hayawezi kutoleana ushahidi wa kutokuwa na hatia.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ndiyo kubwa kuliko zote, nayo si ya samaki. Husema kwamba hakuna maendeleo pasipo kafara, na huleta methali ya pili, iliyoingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa: haiwezekani kupika kimanda pasipo kuvunja mayai. Msomi hana budi kukumbuka njia ilikopitia methali hiyo. Mwezi Machi mwaka 1933 Walter Duranty, mwandishi wa gazeti la New York Times aliyekaa Moscow, aliitumia mbele ya wasomaji wake alipokuwa akieleza hali ya chakula katika Urusi ya Kisovieti, wakati ambapo mamilioni ya watu, wengi wao wakulima wa Ukraine, walikuwa wakifa kwa njaa. Mwandishi hakuwa yai. Hapana mtu aliyepata kuitumia methali hiyo akiwa yai. Hilo peke yake latosha kuitia shaka.

Mambo haya si ya makavazi. Sangara walipopungua, dagaa wa ziwa, wale wavuliwao kwa taa usiku usio na mbalamwezi, wamekuwa ndio wengi kwa uzito katika mavuno ya ziwa zima. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, dagaa mkavu hupakiwa kwenda mikoani na nchi za jirani, na maskini wa bara humwita mkombozi. Dagaa huyo huyo hutafutwa na wenye viwanda vya chakula cha kuku na cha samaki wafugwao katika vizimba. Yaanza kusikika tena kwamba ni samaki mdogo. Kwamba thamani yake itapanda akisagwa. Kwamba heri kilo nyingi za dagaa zigeuzwe kuwa kilo chache za nyama ipendwayo mjini. Maneno ni yale ya miaka ya 1950, yamebadilishwa nguo tu.

Vivyo hivyo mvuvi mdogo huambiwa ajinyime leo kwa ajili ya kesho. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nyavu nyingi haramu zilikamatwa na kuchomwa moto, ili samaki wachanga wapate kukua. Kuwalinda samaki wachanga ni jambo la busara, na anayevua watoto wa sangara huiba kwa watoto wake. Hata hivyo, aambiwaye kujinyima ana haki ya kuuliza maswali matatu yaleyale: ni cha nani kinachotolewa, nani amekipima, na samaki akikua ataingia katika chombo cha nani. Serikali yenye majibu mema haina sababu ya kuyaogopa maswali hayo.

Yampasa basi mwanafunzi wa lugha kuwa mwangalifu kuliko mfanyabiashara. Kufasiri methali si kutafuta maneno yanayolingana, bali ni kuchunguza nani ananena, nani ananyamaza, na nani yumo majini. Methali ya Kiingereza na ifundishwe, kwa maana ina akili yake. Lakini ifasiriwe kwa ukamilifu, pamoja na neno moja ambalo Waingereza waliliacha wakidhani kila mtu analijua. Isomeke hivi: mtupe dagaa wako. Asiye na dagaa wake na anyamaze, au ashuke mwenyewe majini.